Maji ya Mlangoni kwa Paska

Yasiri aliporudi Koboko, mji wa kwao mpakani na Congo, baada ya miaka sita ya kurusha helikopta ya majeruhi katika vita vya Somalia, kuna watu walioangalia juu. Hawakumwambia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtaa ulikuwa umejiaminisha kwamba rubani harudi nyumbani kama binadamu wengine, kwamba atatua katikati ya uwanja wa mpira na kupeperusha kofia za wazee. Yeye akashuka kwenye basi la asubuhi kutoka Arua, sanduku lake limepungukiwa gurudumu moja, na mtu wa kwanza kumwona akamwuliza ndege ameiacha wapi. Yasiri akasema ameiacha kwa wenyewe. Wakacheka, wakambebea sanduku mpaka dukani kwa dada yake Shamira, na habari za ndege zikaishia hapo.

Nje ya duka kuna benchi ambalo Shamira aliliweka kwa ajili ya wateja, ingawa wanaolikalia kwa kawaida ni wale wasionunua kitu. Siku hiyo alikuwa amelikalia mama mmoja mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Yasiri akamsalimu, akapita. Ndani, baada ya kukumbatiwa na kuliliwa na kusemwa kidogo kwa kukonda, akamwuliza dada yake yule mama ni nani.

“Anaitwa Paska, mutu ya kijiji ya Dranya,” Shamira akasema. “Iko pale tangu jana. Soda anakataa, chai anakataa, hata maji. Alirudi kulala kwa dada yake, asubuhi nikafungua duka nikakuta yeye tena. Anasema anangoja wewe.”

“Mimi najua yeye?”

“Hapana. Lakini ulibeba mutoto yake.”

Yasiri alikuwa ameshika glasi ya maji. Akairudisha mezani. Katika miaka sita alikuwa amebeba watu mia tisa na kitu, na hakumjua hata mmoja kwa jina. Hilo nitalieleza baadaye kidogo, maana bila maelezo mtu anaweza kumwona Yasiri ana moyo wa jiwe, na hakuwa hivyo hata siku moja.

Akatoka akaketi mwisho wa benchi. Paska hakuzungukazunguka.

“Wewe ndiyo Yasiri ya helikopta?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi mama ya Lokule. Lokule alikufa kule Somalia mwaka juzi, mwezi ya pili. Jeshi ilileta yeye kwa sanduku, na bendera, na barua. Barua inasema alikufa kama mwanaume. Haisemi alisema nini. Rafiki yake alinipigia simu mara moja tu, akasema helikopta ilibeba yeye, na rubani ni mutoto ya Koboko, ndugu ya Shamira ya duka. Sasa nimekuja kuuliza kitu moja. Mutoto yangu alisema nini?”

Kiswahili chao kilikuwa cha kambini. Kikakwa, lugha ya wenyeji wa Koboko, Yasiri anakiongea vibaya, maana alizaliwa ukimbizini upande wa Congo, akalelewa katikati ya familia za askari walioshindwa vita wakavuka mpaka pamoja na baba yake mwaka wa sabini na tisa. Paska naye alikaa miaka kumi katika kambi za jeshi pamoja na marehemu mume wake. Kwa hiyo lugha ya amri na gwaride ndiyo waliyokuwa nayo wote wawili, na ndiyo waliyoitumia kwa jambo hili.

Kwao Paska kuna desturi moja. Mtu akifia mbali, yule aliyekuwa naye mwisho hana budi kwenda kwa wazazi wa marehemu. Huketi chini, mlangoni, akasema marehemu alitamka nini. Kabla hajasema hapewi maji, hata jua liwe linamchoma utosi, na wafiwa nao hawanywi kitu kwa watu wa upande wake. Akishasema hupewa maji, na hapo ndipo matanga yanapofungwa. Matanga ya Lokule yalikuwa hayajafungwa. Alikuwa amejenga nyumba kwa ajili ya mke ambaye bado alikuwa anamtafuta, na nyumba hiyo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba tangu siku ya jeneza. Shamba lake halikuwa limeguswa. Watu wa ukoo walimwambia Paska aache, kwamba siku hizi wanajeshi wanafia mbali kila mahali na maneno yao hayaletwi na mtu. Yeye akasema atangoja.

Yasiri angeweza kumwambia pale pale kwamba hajui. Badala yake akasema, “Mama, nipe siku tatu. Nitakuja Dranya.”

Alisema hivyo kwa woga, na sitamtetea. Paska akaitikia kwa kichwa, akakaza kitambaa chake, akaondoka kwa miguu.

Sasa kazi yenyewe. Helikopta ya majeruhi ina sheria moja ambayo mtu wa nje akiisikia huiona ya kikatili. Rubani haambiwi anambeba nani. Akiitwa, huambiwa mahali, idadi ya wagonjwa, na kama ni wa kulala au wa kukaa. Haambiwi jina, haambiwi umri, haambiwi jeraha. Sababu ni hii: rubani akijua kwamba kule chini kuna kijana wa miaka ishirini na mbili anavuja damu, ataruka hata katika hali ya hewa ambayo kunguru wamejificha, na badala ya maiti moja zitapatikana sita. Basi rubani huangalia mbingu tu, huamua ndiyo au hapana, na aliye nyuma ni kazi ya tabibu. Yasiri aliishika sheria hiyo kama anavyoishika saumu. Hakugeuza shingo. Tabibu wake, Onzima, Mlugbara wa Manibe pale nje kidogo ya Arua, alikuwa na neno moja tu la kumwambia masikioni wakishapakia: “Sawa.” Mgonjwa akiwa anazungumza, sawa. Akiwa amekata roho, sawa.

Hakuipenda sheria hiyo tangu mwanzo, ila aliielewa upesi, pengine kwa sababu ya baba yake. Mzee aliporudi kutoka ukimbizini hakutaka tena kusikia habari ya bunduki wala kuulizwa nani alikufa wapi. Alilima tumbaku. Yasiri alimwagilia vitalu vya miche asubuhi na jioni mpaka alipokwenda sekondari, na mgongo wake unakumbuka. Kitalu cha tumbaku, ambacho huku watu hukiita bedi, kwa wakulima wa upande huu kina urefu wa hatua ishirini, na mtoto aliyekimwagilia kwa ndoo hazijui hatua hizo kwa hesabu, anazijua kwa miguu. Kutoka kwenye bedi akapata ufadhili wa kujifunza urubani katika chuo cha Soroti, akamalizia helikopta ng’ambo, akaajiriwa na kampuni iliyokodishwa kubeba majeruhi wa vita. Alikuwa hodari, wote walisema hivyo, naye hakukanusha.

Katika mwezi wa pili wa mwaka ule alisikia kifo cha mgonjwa wake mmoja tu, na siku hiyo aliitwa mahali palipo mbali na barabara yoyote. Mgonjwa mmoja, wa kulala. Alipokaribia akaitikiwa na mtu wa redio aliyeko chini. Kila kikosi kina mtu wa namna hiyo, amefundishwa kuongea na marubani: kuwaambia upepo unatoka wapi, adui yuko upande gani, mahali pa kutua pana ukubwa gani. Wengi hutaja ukubwa kwa mita, na wengi hukosea. Huyu akasema, kwa sauti ya polepole, “Rubani, nafasi iko bedi tatu kwa urefu, bedi mbili kwa upana. Mashariki iko muti moja, imekauka.”

Yasiri alishtuka. Hatua sitini kwa arobaini, zilimjia zenyewe. Mtu anayepima ardhi namna hiyo, na kumpimia rubani asiyemjua, amemwagilia tumbaku kwetu, hakuna pengine. Alitamani kumwuliza yeye ni mtoto wa nani, wa kijiji gani. Hakuuliza, maana ukianza kumjua mtu wa redio utaishia kumjua mgonjwa.

Kisha vumbi likainuka. Si vumbi la kiangazi chetu, linalochafua nguo zilizoanikwa na kukasirisha wanawake. La kule lilikuja limesimama, likafunika ardhi kwa mara moja. Yasiri alikuwa na la kuchagua: kushuka kwa kubahatisha, au kuzunguka juu na kungoja.

“Rubani, usishuke,” sauti ikasema. “Vumbi imekula muti. Sioni muti tena. Ngoja.”

Akazunguka. Redio ilikuwa inakatikakatika. Yule mtu alisema maneno mawili akanyamaza, akasema mengine mawili, akanyamaza tena, huku kidole chake kimekandamiza kitufe na mlio mtupu ukimjaa Yasiri masikioni. Yasiri akaudhika. Alidhani mtu anachezea chombo.

“Sema mara moja, uachie,” akamwambia, naye bila kujua akatumia Kiswahili cha nyumbani. “Unamaliza betri kama mutu anapigia simu mchumba.”

Yule mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatika pamoja na redio.

Ndipo Yasiri alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka yake yote ya kazi. Hakuuliza jina wala jeraha. Aliuliza tu, “Mgonjwa yako anaweza ngoja?”

Ule mlio mtupu ukaja tena. “Anaweza,” sauti ikasema. “Mimi iko naye hapa. Ngoja vumbi.”

Wakangoja dakika arobaini. Vumbi lilipofunguka ile sauti haikuita tena, na Yasiri hakuihitaji, kwa kuwa sasa aliuona mti mkavu mashariki na uwanja wa bedi tatu kwa mbili, sawasawa kama ulivyopimwa. Akatua. Dakika nne chini, injini inanguruma, macho mbele. “Sawa,” Onzima akasema. Wakaruka.

Wiki ileile, kwenye foleni ya chakula, daktari mmoja wa kambini alisema bila kumlenga mtu kwamba yule wa siku ya vumbi angefika nusu saa mapema, angepona. Yasiri akarudisha sahani. Tangu hapo dakika zile arobaini zilikuwa kwake kama jino bovu, ulimi hauachi kwenda. Aliendelea na kazi karibu miaka miwili zaidi, akamaliza mkataba, akakataa mwingine, na hakumwambia mtu kwa nini.

Siku ya pili ya zile siku tatu alipanda basi kurudi Arua. Onzima alikuwa amerudi nyumbani kabla yake na kufungua zahanati ndogo Manibe, vyumba viwili na baraza lenye mabenchi. Yasiri alimkuta anashona mguu wa mkulima aliyejikata kwa jembe, akasubiri mpaka uzi ukakatwa.

“Kapteni,” Onzima akasema, akafurahi kweli, kisha akamtazama vizuri, furaha ikapungua. “Iko nini?”

Yasiri akamweleza habari ya Paska. Onzima akanawa mikono, akanawa tena.

“Yule wa vumbi,” akasema. “Nakumbuka. Hakusema kitu, Kapteni. Walimleta kwa mablanketi, bado alikuwa na pumzi, lakini akili ilikuwa imekwenda. Risasi iliingia tumboni zamani, alipoteza damu mingi. Kifua yake ilikuwa imefungwa vitu mingi, risasi, redio, rozari, nikakata mikanda yote kwa makasi nipate kusikia moyo. Moyo ilisimama kabla hatujaona bahari, kambi bado mbali.”

“Na uliniambia sawa.”

“Nilikuambia sawa. Miaka yote nilikuambia sawa. Si ndiyo ulitaka?”

Onzima akamketisha, akaagiza chai, akaanza kuongea chini chini kama anayeongea na mgonjwa.

“Hata kwangu wanakuja, akina mama. Kutoka Inde wanakuja, kutoka Koboko, mmoja alivuka kutoka Congo. Walisikia nilikuwa nyuma kwa helikopta. Mimi niko na maneno tatu. Alitaja jina yako. Hakusikia maumivu. Alisema usilie. Nawapa hayo, wanashukuru, wanaenda nyumbani kulala. Chukua na wewe. Mpe huyo mama.”

“Uongo.”

“Ndiyo, uongo. Wewe uko na kitu ingine ya kumpa?”

Yasiri akamwuliza Onzima kama yeye mwenyewe analala, na Onzima akaangalia foleni yake ya wagonjwa, akasema chai inapoa.

Njiani kurudi Koboko, Yasiri aliyajaribu yale maneno matatu mdomoni. Yalikaa vizuri. Alitaja jina lako, mama. Kila mama angeyaamini. Jioni alimsimulia Shamira habari yote, naye, bila kuulizwa shauri, akatoa uamuzi uleule huku akipanga sabuni. “Ambia yeye alimwita. Mama gani atakataa kuitwa? Sasa ukienda kusema wewe ulizunguka juu, mutoto anakufa chini, utaishi wapi? Hapa Koboko? Kwa duka yangu?” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemngojea ndugu yake miaka sita na hakutaka kumpoteza tena kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu Yasiri akachukua pikipiki ya dada yake, akaenda Dranya.

Uwanja wa Paska ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Upande mmoja palikuwa na nyumba yake, upande wa pili nyumba ya Lokule, nzuri, ya matofali ya kuchoma, na kamba imezungushwa mara nne kwenye kitasa. Paska alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango. Nyuma yake, juu ya kiti, palikuwa na mtungi na kikombe kimefunikwa kwa sahani. Alikuwa ameshateka maji. Alikuwa na hakika kiasi hicho.

Yasiri akavua viatu, akaketi chini mlangoni kama inavyotakiwa, jua usoni.

“Mama,” akasema, “Lokule alitaja…”

Paska akainama mbele. Akaweka mkono nyuma ya sikio, kwa kuwa usikivu wake umepungua, na akafumba macho asipitwe na hata herufi. Kama angelia, au angemhimiza, pengine Yasiri angemaliza ule uongo akanywa maji akaenda zake. Lakini alivyosikiliza namna ile, ikamshinda. Alijua kwamba atakalosema, lolote litakalokuwa, litakaa katika nyumba hii mpaka mama huyu azikwe.

“Hapana,” akasema. “Mimi sijui alitaja nini. Nilikuwa mbele. Kazi yetu inakataza rubani kugeuka, inakataza kuuliza. Yule tabibu alikuwa nyuma anasema Lokule hakusema kitu, akili ilikuwa imekwenda. Na iko kitu ingine, mama. Nilifika pale mapema. Vumbi ilikuja, nikazunguka juu dakika arobaini. Daktari alisema nusu saa ilitosha kumponya. Mimi ndiyo nilingoja. Nimekuja kukuambia hiyo, sina ingine.”

Paska akafumbua macho. Hakulia, wala hakumfukuza. Kuku wawili walikuwa wanachakura karibu na mlango uliofungwa kamba, akawaangalia muda mrefu mpaka Yasiri akadhani mambo yamekwisha, akaanza kuvuta viatu vyake.

“Nani alikuambia ngoja?” Paska akauliza.

“Mutu ya redio. Ile ya chini, anaongea na marubani.”

“Alisema namna gani?”

Yasiri akarudia, kwa kuwa hakuwa ameyasahau hata neno moja. Rubani, usishuke, vumbi imekula muti. Na kabla ya hapo, nafasi iko bedi tatu kwa urefu, bedi mbili kwa upana.

“Sema tena hiyo.”

“Bedi tatu kwa urefu, bedi mbili kwa upana.”

Paska akasimama. Aliuegemea mwimo wa mlango kwa bega, kitambaa kimemteleza nyuma, nywele za mvi zikaonekana.

“Lokule alipima kila kitu kwa bedi,” akasema. “Tangu mudogo. Sisi tulilima tumbaku, baba yake aliweka yeye kwa ndoo akiwa na miaka sita. Kanisa, alisema iko bedi moja na nusu. Mwalimu aliuliza urefu ya darasa, akasema nusu bedi, wakachapa yeye, akarudi nyumbani akasema lakini ni kweli. Na jeshi ilimpa kazi ya redio. Alinipigia simu kuniambia. Alisema, mama, mimi ndiyo nitaongea na ndege.”

Yasiri akabaki na kiatu kimoja mkononi.

“Wagonjwa walikuwa wangapi?” Paska akauliza.

“Mmoja.”

“Na huyo mutu ya redio, baada ya vumbi, alisema tena?”

Hakusema tena. Yasiri alilijua hilo miaka hii yote na hakuwahi kuliweka mahali pake. Sasa akakumbuka maneno ya Onzima, makasi yanakata mikanda, na redio kifuani. Akakumbuka sauti iliyosema maneno mawili na kunyamaza, maneno mawili na kunyamaza, na yeye akidhani ni betri. Hapakuwa na watu wawili chini pale, mmoja akiongea na mwingine akifa. Alikuwa mmoja. Yasiri aliuliza kama mgonjwa anaweza kungoja, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyejibu kwamba anaweza, akampa ruhusa, akamlinda yeye na Onzima na helikopta yao kwa pumzi aliyokuwa anaihitaji.

Akalia. Mtu mzima, rubani, ameketi mavumbini na kiatu mkononi, alilia mpaka kuku wakahama. Kilichomuuma zaidi hakikuwa zile dakika. Ni kwamba kijana wa nyumbani alikuwa naye masikioni dakika zote zile, naye hakumwuliza hata jina.

Paska akamwacha amalize. Kisha akasema, “Alisema anaweza ngoja?”

“Alisema anaweza. Alisema, mimi iko naye hapa.”

“Ni yeye,” Paska akasema. “Alikuwa hivyo. Ukimwambia, wewe iko mgonjwa, anasema homa iko kwa mutu ingine.” Akavuta kitambaa chake kikarudi kichwani. “Alikuwa anajua kazi yake. Alikuambia ngoja, wewe ulisikia yeye. Hiyo si kosa yako. Ni maneno yake, na wewe umeleta.”

“Mama, iko moja imebaki,” Yasiri akasema. Angeweza kuimeza na hakuna ambaye angejua. “Niligombeza yeye. Alikuwa anabonyeza redio bila kusema, mimi sikujua ni maumivu. Nilimwambia, unamaliza betri kama mutu anapigia simu mchumba.”

“Ulisema hivyo? Kiswahili ya hapa?”

“Ya hapa. Ilitoka tu.”

“Na yeye?”

“Alicheka.”

Paska aligeuka akaingia ndani, na Yasiri akasikia sahani ikiondolewa, na maji yakimiminwa. Akarudi na kikombe amekishika kwa mikono yote miwili, akainama, akampa. Yasiri akanywa yote bila kupumzika. Paska akamimina tena kikombe kilekile, akanywa yeye, akiwa amesimama mlangoni, polepole, mpaka mwisho.

Kisha akavuka uwanja kwenda kwenye nyumba ya mwanawe. Ile kamba ilikuwa imekauka, mafundo hayakukubali vidole vyake, na Yasiri akaja akamsaidia la mwisho. Paska akausukuma mlango, jua likaingia ndani. Akaizungusha kamba mkononi kama mtu anayepanga kuitumia tena.

“Kaa,” akamwambia Yasiri. “Sasa naita watu ya ukoo, wote. Utasema tena kutoka mwanzo, bedi na vumbi na ngoja. Na ile ya mchumba usiruke. Nataka wasikie alicheka.”